Wazee Ujerumani au yatima nchi jirani: ulinganisho kwa anayetaka kwenda kujitolea nje

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, hunijia vijana wawili watatu wa mtaani kwetu Tanga wakiwa na swali lile lile. Wanataka kwenda kujitolea nje ya nchi kabla ya chuo, au baada ya kukosa chuo, na njia mbili zimefunguka mbele yao: nyumba ya wazee huko Ujerumani, ambako ndugu au mtu waliyesoma naye ameshatangulia, au kituo cha kulelea watoto yatima katika nchi jirani, ambako mwenye kituo amesema waje hata wiki ijayo. Wananiuliza mimi kwa kuwa nimepita pote pawili. Nilipokuwa na miaka 20 nilikaa miezi mitatu katika kituo cha watoto ng'ambo ya mpaka, na miaka mitatu baadaye nikafanya mwaka mzima katika nyumba ya wazee kwenye mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani. Majibu ninayowapa kibarazani hukatizwa na kahawa na salamu za wapita njia, kwa hiyo hapa nimeyapanga.

Niseme mapema kipimo ninachotumia, kwa sababu ndicho kinachoamua mengine yote. Wengi hulinganisha kwa huruma, yaani hutazama nani mnyonge zaidi, na kwa kipimo hicho mtoto asiye na wazazi humshinda kila mara mzee mwenye pensheni na bima. Lakini mtu wa kujitolea hufika akiwa na tarehe ya kurudi, hata kama hajaitaja. Mimi hutazama tarehe hiyo: siku utakapofunga begi, uliyekuja kumsaidia anabaki katika hali gani? Kwa kipimo hicho jibu langu huwa ni wazee, ingawa ziko hali chache ambazo jibu hilo hubadilika, nami nitazitaja.

Mlangoni

Nyumba ya wazee ilinitaka nithibitishe kila kitu kabla ya kunikubali. Nilipeleka vyeti vya shule, cheti cha lugha, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, karatasi za chanjo na barua ya kueleza kwa nini nataka kufanya kazi na watu wazima sana, kisha nikahojiwa kwa video na mama mmoja msimamizi aliyeniuliza swali ambalo sikulitarajia: mzee akikataa kuoga, utafanya nini? Nikajibu kwamba nitambembeleza. Akauliza tena: na akikataa baada ya kubembelezwa? Sikuwa na jibu, akaniambia jibu ni kwamba haogi, kwa kuwa ni mtu mzima na mwili ni wake. Tangu barua ya kwanza hadi viza kugongwa kwenye pasipoti ilipita miezi tisa, nami nililalamika muda wote.

Kituo cha watoto hakikuniuliza chochote. Nilishuka basi saa nane mchana na barua ya utambulisho ambayo hakuna aliyeifungua, na kabla sijaonyeshwa pa kuweka begi nilikuwa nimeshikishwa mtoto wa miaka miwili. Wakati ule niliuona huo kuwa ukarimu. Leo naona kwamba mlango uliofunguka kirahisi hivyo kwangu ungefunguka hivyo hivyo kwa mtu mwenye nia mbaya, na kwamba watoto waliokuwa ndani hawakuwa na mtu wa kuwahoji wageni kwa niaba yao. Kituo kisichokudai cheti cha polisi, kisichokupangia msimamizi, na kinachokuruhusu kulala karibu na watoto usiku wa kwanza, kikatae hata kama nia yako ni njema kabisa.

Tofauti hiyo haitokani na tabia za watu, kwa maana wale walezi walikuwa watu wema. Inatokana na kuwapo au kutokuwapo kwa utaratibu. Ujerumani kuna mwaka wa kujitolea katika huduma za jamii, ambao wenyewe huufupisha kuwa FSJ, wenye sheria yake tangu mwaka 1964 na ulio wazi kwa ambao hawajatimiza miaka 27. Kuna pia huduma ya kujitolea ya shirikisho, BFD, iliyoanza Julai 2011 baada ya utumishi wa lazima jeshini kusimamishwa. Vijana waliokataa kushika bunduki walikuwa wakitumwa kufanya huduma ya kiraia katika hospitali na nyumba za wazee, na utumishi uliposimamishwa nao wakatoweka kwa mpigo. Pengo hilo ndilo lililozaa BFD, ambayo haina ukomo wa umri wa juu. Muda wa mipango hii ni kuanzia miezi 6 hadi 18, mikataba mingi ikiwa ya miezi 12, na ndani ya miezi hiyo siku 25 ni za semina pamoja na wenzako wanaojitolea. Nafasi husimamiwa na mashirika makubwa kama Caritas, Diakonie na Msalaba Mwekundu wa Ujerumani. Aidha, mpango wa serikali uitwao weltwärts, ambao ulianza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wa Kijerumani kwetu, ulifungua mwaka 2013 njia ya upande wa pili, na sasa vijana wa huku wenye miaka 18 hadi 28 wanaweza kupendekezwa na shirika la nchini kwao, wakatumikia mwaka mmoja Ujerumani na kurudi.

Nani anamlipa nani

Hapa ndipo ulinganisho unapowashangaza vijana, kwa sababu hudhani kuwa penye gharama kubwa ni Ulaya.

Ujerumani ni wao wanaokulipa wewe, japo kidogo. Sheria inaweka kiwango cha juu cha posho ya kujikimu, ambacho mwaka 2025 kilikuwa yuro 644 kwa mwezi, lakini mashirika mengi hutoa pungufu ya hapo. Mimi nilipewa yuro 390, chumba, na chakula cha mchana siku za kazi. Michango ya bima ya afya na ya pensheni hulipwa na anayekupokea. Huo si mshahara, na anayepiga hesabu ya kumjengea mama nyumba kwa posho hiyo atavunjika moyo kabla ya Krismasi. Nilikuwa sijamaliza hata miezi miwili nilipopokea barua ya kunidai ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kwa mwezi, mimi ambaye sikuwa na redio wala televisheni. Nikaelezwa kwamba kule hutozwa makazi, wala haijalishi kama mwenyewe ana chombo. Gharama nzito hasa ziko kabla ya safari: pasipoti ya Tanzania shilingi 150,000, ada ya viza ambayo kwa kawaida ni yuro 75, nauli ya ndege ikiwa mpango wako hauilipi, na kubwa kuliko zote, kozi na mtihani wa Kijerumani.

Katika kituo cha watoto safari ni nauli ya basi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, lakini ukishafika wewe ndiye unayelipa. Nilichangia chakula, nikapeleka katoni mbili za sabuni na madaftari, na sikuona ubaya. Kisha nikagundua kwamba wageni wa Ulaya na Amerika niliokuwa nikilala nao chumba kimoja walikuwa wamelipa kampuni za safari, kwa wiki, ili wafanye kazi ile ile niliyokuwa nikiifanya. Wengine walikaa siku kumi, wakapiga picha, wakaenda kupanda mlima.

Jumapili ya tatu alikuja mama mmoja na kichane cha ndizi mbivu, akakaa chini ya mwembe na watoto wawili, kaka na dada, akamsuka yule binti nywele hadi jua likakaribia kuzama, kisha akaondoka peke yake. Nikadhani ni shangazi. Mlezi akanirekebisha: ni mama yao mzazi, anaishi mwendo wa saa moja kwa daladala, na amewaleta hapa kwa sababu kituo kinawalipia shule. Nikauliza ni wangapi wengine wana mzazi. Mlezi akacheka kama mtu aliyeulizwa mvua hunyesha wapi.

Hali hiyo si ya kituo kimoja. Katika nchi nyingi watoto wengi walioko kwenye vituo vya yatima wana mzazi aliye hai, na kilichowafikisha huko ni ada ya shule, ugonjwa au njaa. Fedha za wafadhili na za wageni zikipitia kituoni badala ya nyumbani kwa yule mama mwenye ndizi, ni dhahiri mtoto atapelekwa zilipo fedha. Ndiyo maana Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, liliutaja waziwazi utalii na kujitolea katika vituo vya yatima miongoni mwa mambo yanayochochea watoto kutenganishwa na familia zao. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya Novemba 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuyahamishia malezi katika familia na jamii. Rwanda ilianza safari hiyo mwaka 2012. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, yaani mtoto kulelewa kwa muda na familia nyingine, na kuasili. Anayekwenda leo kujitolea katika kituo cha yatima Afrika Mashariki anapaswa kujua kwamba anaelekea mahali ambapo serikali zenyewe zimeanza kupahama.

Lugha na kazi yenyewe

Kwa lugha, kituo cha watoto kinashinda bila ubishi. Kiswahili kilinitosha tangu siku ya kwanza, na kilipopungua watoto walinifundisha kwa kunicheka. Ujerumani utahitaji Kijerumani cha kiwango cha A2, yaani mazungumzo ya msingi ya kila siku, na nyumba nyingi hupendelea B1, ngazi inayofuata. Kozi zinapatikana katika Goethe-Institut za Dar es Salaam na Nairobi na kwa walimu binafsi, na zinadai miezi mingi ya kukaa kitako. Hata hivyo cheti si lugha. Asubuhi yangu ya kwanza, bibi mmoja wa miaka 91 aliniomba kitu alichokiita Gsälz apake kwenye mkate. Nikajua ni chumvi, kwa kuwa chumvi ni Salz, nikamletea kwa heshima zote. Kumbe katika Kijerumani cha Swabia, eneo la kusini nilikokuwa, neno hilo ni jemu. Aliitazama chumvi, akanitazama mimi, akainyunyiza kidogo kwenye siagi na kula, nadhani ili nisiaibike. Ilinichukua miezi mitatu kuanza kuwasikia wazee wale vizuri.

Kazi ya nyumba ya wazee ina mipaka iliyoandikwa. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili na nusu: kusaidia kuvaa, kupeleka kifungua kinywa, kutandika, kusukuma viti vya magurudumu, kucheza karata, kusoma gazeti kwa sauti (kwa lafudhi iliyowafurahisha zaidi kuliko habari zenyewe), na saa tisa alasiri kahawa na keki, ambayo kule ni kama swala, haikosi wakati. Dawa na sindano huruhusiwi kugusa. Nilichojifunza kwa makini kuliko vyote ni kumnywesha mtu aliyeshindwa kumeza. Maji huchanganywa na unga maalumu hadi yawe mazito kama uji wa mgonjwa; unamwinua mgongo, unampa kijiko kimoja cha chai, kisha huchukui kijiko cha pili mpaka umeona kwa macho yako koo limepanda na kushuka. Kikombe kimoja huchukua dakika ishirini. Ukiharakisha, maji huingia mapafuni.

Kituoni kazi haikuwa na mpaka wowote. Nilifua, nilipika, nilifundisha hesabu ambazo sikusomea kufundisha, na usiku mmoja niliachiwa mtoto mwenye homa kali kwa sababu mlezi wa zamu alikuwa na watoto wengine kumi na wanne. Kwa kijana mwenye ari, uhuru huo unavutia. Kwa mtoto mwenye homa, maana yake ni kwamba usiku ule aliangaliwa na mtu asiyejua anachofanya.

Mwili, aibu na mauti

Nilipotangaza nyumbani kuwa nakwenda kuhudumia wazee Ulaya, mama mdogo aliniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, unakwenda kuogesha vikongwe vya Kizungu, na bibi yako kule Pangani anaogeshwa na nani?" Swali hilo halina jibu jepesi, nami sijalipata hadi leo. Anayechagua njia ya wazee ajiandae kuulizwa hivyo, kwa sababu katika jamii zetu kumtunza mzee ni kazi ya damu, na kumwacha mikononi mwa mgeni huonekana kama kumtupa. Watoto wa wazee wale niliwaona wakija kila wiki, wengine kila siku, nikaacha kuwahukumu. Lakini wapo pia waliokuja kwenye sikukuu tu.

Kuogesha kwenyewe kuna mambo yanayohitaji kusemwa wazi, hasa kwa msomaji wa pwani. Mimi ni mwanamume, na wengi wa wazee walikuwa wanawake. Kila mzee alikuwa na haki ya kusema nani amguse, na mabibi kadhaa walisema hawataki mwanamume, kwa hiyo jina langu halikupangwa kwao. Haki hiyo inafaa iende na kurudi: kama dini yako au nafsi yako haikuruhusu kumwogesha mtu wa jinsia nyingine, liseme siku ya mahojiano, si siku ya kwanza ya zamu. Dada mmoja wa Mombasa niliyekutana naye kwenye semina alilisema mapema, akapangiwa wanawake peke yao na kuvaa hijabu yake fupi kazini bila mzozo. Aliyenyamaza akategemea busara ya wakubwa alisumbuka.

Wazee hufa. Katika mwaka wangu walikufa tisa. Mara ya kwanza nilikuwa nimemlisha babu mmoja supu ya boga jana yake. Nilipofika asubuhi nikakuta mshumaa mlangoni pake na dirisha la chumba limefunguliwa, kwa sababu kule wengi wana desturi ya kufungua dirisha mtu akishakata roho. Msimamizi akanitoa kwenye zamu kwa saa nzima, tukakaa jikoni. Wiki mbili baadaye kwenye semina tulilizungumza tena. Sikuwahi kupata nafasi kama hiyo katika kituo cha watoto, ambako mambo mazito hayakupungua.

Siku ya kuondoka

Ukuta wa bwalo la kituo ulikuwa na alama za viganja vilivyochovywa rangi, kila kimoja na jina na mwaka, viganja vya watu wa kujitolea waliopita. Binti wa miaka saba alinitembeza kwenye ukuta huo kama anayeonyesha picha za harusi: huyu alijua gitaa, huyu alilia sana, huyu alisema atarudi. Nilihesabu hadi sitini nikaacha. Nilipoondoka, nami nilichovya kiganja changu.

Wageni husifu jinsi watoto wa vituoni walivyo na upendo, jinsi wanavyomrukia na kumkumbatia mtu waliyemwona dakika ile. Wataalamu wa malezi huona hapo dalili. Mtoto mdogo aliye na mlezi wa kudumu huwa na haya na mgeni kwanza. Anayemkumbatia yeyote mara nyingi ni yule ambaye hajapata wa kwake. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, uliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, baadhi yao wakahamishiwa katika familia za malezi ya kambo. Waliohamishwa waliendelea vizuri kuliko waliobaki, katika akili na katika uwezo wa kushikamana na mlezi, na waliohamishwa kabla ya takriban miaka miwili ndio walionufaika zaidi. Anachohitaji mtoto yule ni mtu mmoja asiyeondoka. Mtu wa kujitolea, hata awe mwema kiasi gani, ni mtu wa sitini na moja ukutani.

Kwa wazee kuondoka kwangu kulikuwa jambo jingine. Bibi wa jemu aliiandika tarehe yangu kwenye kalenda yake tangu mwezi Mei, na ilipofika akanitaka nipite kumuaga kabla ya kahawa, ili asilie mbele ya watu. Alihuzunika, nami nilihuzunika, lakini alikuwa ameshaishi na watu, kuwapenda na kuwazika, na alijua mwaka mmoja ni nini. Wauguzi waliomwogesha kabla yangu walibaki baada yangu. Kwa waliokuwa na ugonjwa wa kusahau, nilijitambulisha upya kila asubuhi kwa miezi kumi na miwili, na asubuhi ya mwisho nilijitambulisha vilevile. Sisemi kwamba mzee haumii. Nasema nilipofunga begi sikuwa nimebomoa kitu kilichokuwa bado kinajengwa.

Jibu linapobadilika

Ikiwa wewe ni afisa ustawi wa jamii, muuguzi, au mwalimu wa watoto wenye ulemavu, na unaweza kukaa mwaka au zaidi, njia ya watoto inaweza kuwa bora kwako, kwa sharti kwamba kazi yako itakuwa na walezi na familia: kutafuta ndugu wa mtoto, kuandaa kurudishwa kwake, kumfundisha mlezi anayebaki. Ukiandikiana na kituo, uliza swali moja: mwaka jana watoto wangapi walirudi kwa familia zao? Kituo chenye mwelekeo kitakujibu kwa idadi, na kisicho na mwelekeo kitakutumia picha. Wenye taaluma watazame pia kikosi cha vijana wa kujitolea cha Umoja wa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 2010, kinachowapeleka wenye miaka 18 hadi 35 katika nchi nyingine za bara hili.

Kwa asiye na taaluma ambaye moyo wake uko kwa watoto tu, mipango ile ile ya FSJ na BFD ina nafasi katika shule za chekechea na shule za kawaida. Watoto wale hurudi kwa wazazi wao alasiri, na kuondoka kwako huwa sawa na kuondoka kwa mwalimu aliyekuja mazoezini: watakuimbia wimbo, na wiki ijayo watamzoea mwingine.

Na kabla ya kulipia hata somo moja la Kijerumani, nawashauri wote waombe ruhusa ya ustawi wa jamii, wakatumikie wiki mbili katika makazi ya wazee hapa hapa nyumbani. Yapo Njoro kule Moshi, Funga Funga Morogoro, Nunge Kigamboni, na Sebleni Unguja. Kama harufu ya mkojo wa asubuhi, masimulizi yanayorudiwa mara tano na ukimya wa mchana vitakushinda kwa Kiswahili, havitakuwa vyepesi kwa Kijerumani. Nilichelewa kuyafanya haya. Nilikwenda baada ya kurudi, labda kwa sababu ya mama mdogo.

Kabla ya kusaini

Nafasi ya FSJ au BFD haiuzwi. Wakala anayetaka mamilioni ili "akushikie nafasi" anakuuzia barua ambayo ungeweza kuiomba mwenyewe kwa baruapepe. Mkataba uonyeshe jina la nyumba, saa za kazi kwa wiki, siku za likizo, posho, nani analipa chumba, na nani analipa bima. Ukiambiwa kwamba utakwenda "kujitolea" kumtunza bibi wa watu katika nchi ya Ghuba, fahamu kuwa hiyo ni ajira ya kazi za ndani, mara nyingi chini ya mfumo wa kafala unaokufunga kwa mwajiri mmoja, hata kama bibi mwenyewe anaongea Kiswahili cha Unguja. Inaweza kuwa kazi halali na yenye mshahara, ila itazamwe kama ajira na ipite kwa wakala aliyesajiliwa.

Wengi wanaotaka kwenda Ujerumani wanalenga mafunzo ya uuguzi baada ya mwaka wa kujitolea. Ni miaka mitatu, na mwanafunzi hulipwa zaidi ya yuro 1,000 kwa mwezi. Sioni aibu katika lengo hilo, na nyumba za wazee hulipokea kwa furaha kwa kuwa zina uhaba wa watu. Lakini anayekwenda kwa weltwärts amekubali kurudi, na akibadili nia atamponza anayemfuata kwa kuifunga njia iliyompitisha yeye, kwa sababu shirika lililompendekeza litaulizwa.

Mwaka wa kujitolea kule huanza kwa wengi Agosti au Septemba. Ukihesabu kurudi nyuma, miadi ya viza na uhakiki wa vyeti hula miezi, mtihani wa lugha utangulie hapo, na kozi itangulie mtihani. Kwa hiyo anayelenga Septemba ijayo aanze Kijerumani Septemba hii, aombe pasipoti wakati anasoma, na aandike barua zake za maombi kabla ya mwaka mpya. Cheti cha polisi akiombe mwisho, kwa maana kikikaa sana kwenye bahasha hukataliwa.